Kompresa ya AC ya gari imekufa: namna ya kuipima, kuitengeneza na kuizuia isife tena

Wakati wa kaskazi, kwenye gereji za Zanzibar, Mwanakwerekwe, Amani hadi Chake Chake, malalamiko ni yale yale. Kompresa, yaani pampu inayosukuma gesi ya AC, imebadilishwa, gari imepoa wiki chache, kisha joto limerudi na kompresa iliyofungwa juzi nayo imekwama. Mwenye gari anaambiwa spea za siku hizi ni mbovu.

Mara nyingi spea haina kosa. Kompresa ya pili imeuliwa na kile kile kilichoiua ya kwanza. Hakuna aliyetafuta sababu, unga wa chuma umebaki kwenye mabomba, unyevu haukutolewa, au oili imetiwa kwa kukisia. Kwa hiyo humu kazi ya kufungua na kufunga bolti nimeipitia haraka, na muda mwingi nimeuweka kwenye kupima, kusafisha na kutoa unyevu, maana hapo ndipo watu wanapoanguka.

Mwongozo huu ni wa fundi anayejifunza, na wa dereva anayetaka kusimama pembeni akajua kinachofanyika kwenye gari yake. Unahusu gari za kawaida zenye kompresa inayozungushwa na mkanda na gesi ya R134a: Vitz, IST, Raum, Noah na wenzake.

Gari za haibridi ziache. Prius na Aqua zina kompresa ya umeme mkubwa, zaidi ya volti 100, na waya zake ni za rangi ya chungwa. Umeme huo unaua. Isitoshe, oili ya kawaida ya kompresa, iitwayo PAG, ikiingia humo huharibu uzuiaji wa umeme wa kompresa. Mpelekee mtu aliyefundishwa kazi hiyo.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Usifungue nati hata moja kabla havijatimia. Mfumo ulioachwa wazi ukisubiri spea ije na boti kutoka Dar unanyonya unyevu usiku na mchana.

- Geji za AC, ya bluu na nyekundu, zenye mipira ya R134a
- Testa ya umeme inayopima volti na omu
- Pampu ya vakyumu, ya kuvuta hewa na unyevu kwenye mabomba
- Mizani ya kidijitali. Hata ya jikoni inafaa ikiwa inabeba uzito wa mtungi
- Mtungi wa naitrojeni wenye regyuleta, wa kuazima au kukodi kwa mafundi wa AC za hoteli
- Mashine ya kunyonya gesi, na mtungi wake uliotengwa kwa R134a tu
- Gesi ya R134a kutoka duka unaloliamini
- Oili ya PAG ya daraja lililoandikwa kwenye kompresa au kwenye kitabu cha gari
- O-ringi mpya za AC, draya mpya (chujio linalonyonya unyevu), na dawa ya kusafishia mabomba ya AC
- Fila geji (ya kupimia nafasi nyembamba), koleo la saklipu, spana, kikombe chenye vipimo vya mililita
- Miwani ya kazi na glovu

Miwani usiidharau. R134a ya maji maji ikitoka kwa kishindo hugandisha ngozi papo hapo, na jicho halina spea. Fanya kazi penye hewa, bila moto karibu, kwa sababu gesi hii ikipita kwenye moto hutoa hewa yenye sumu.

## Hatua ya 1: Hakikisha mgonjwa ni kompresa

Washa injini na AC, feni ya ndani iwe kasi ya juu. Kama upepo unatoka kidogo lakini ni wa baridi, kompresa yako nzima. Fungua sanduku la dashibodi upande wa abiria utoe chujio la hewa. Gari za barabara za vumbi mara nyingi huwa nalo limejaa mchanga na majani.

Kisha angalia feni ya mbele ya kondensa, ile rejeta ya mbele inayopoza gesi. AC ikiwaka, feni hiyo nayo iwake. Ikiwa imekufa, presha inapanda mno gari inaposimama na baridi inapotea, lakini ukikimbia barabara ya Fumba inarudi. Dalili hiyo ni ya feni au kondensa iliyoziba. Nimeona kompresa nzima zikitupwa kwa sababu ya feni.

Tazama na mkanda: usiwe umelegea wala kupasuka. Na kama gari inachemsha, tengeneza hilo kwanza, kwani kompyuta za gari nyingi hukata AC zenyewe injini ikizidi joto.

## Hatua ya 2: Sikiliza, kisha zungusha kwa mkono

Mtu mmoja abonyeze swichi ya AC, wewe usimame mbele ya boneti. Unatakiwa usikie "tak" na uone sahani ya mbele ya kompresa ikianza kuzunguka pamoja na puli.

Hakuna "tak": shida inaweza kuwa umeme, gesi kuisha, au koili ya klachi, yaani sumaku ya umeme inayovuta sahani ishike puli. Kompresa yenyewe bado haina hatia.

Kuna "tak", mkanda unapiga kelele na kutoa harufu ya mpira kuungua: kompresa imekwama. Zima AC mara moja. Katika injini nyingi mkanda huo huo unazungusha na oltaneta na pampu ya maji, ukikatika gari inalala njiani.

Kuna mlio wa kusaga hata AC ikiwa imezimwa: hiyo ni beringi ya puli, na inabadilishwa bila kugusa gesi.

Sasa zima injini, toa ufunguo, uizungushe ile sahani ya mbele kwa mkono. Kompresa nzima inazunguka kwa uzito kidogo, ulio sawa mzunguko mzima. Ikigoma kabisa, imekwama. Ikizunguka nyepesi mno, valvu au pistoni zimechoka. Ikisaga, ndani kuna chuma kilichovunjika.

Gari nyengine mpya kidogo zina kompresa isiyo na klachi. Puli yake inazunguka muda wote, hutasikia "tak", na hilo si kosa. Angalia kama kitovu cha katikati kinazunguka pamoja na puli. Puli ikienda na kitovu kikasimama, kizuizi chake kimekatika, na kwa kawaida hukatika kwa sababu kompresa imekwama.

## Hatua ya 3: Funga geji, injini ikiwa imezimwa

Kipimo hiki ni cha dakika mbili na wengi hukiruka. Gari ikae bila kuwashwa angalau saa moja, ifungwe geji, usome. Pande zote mbili zinatakiwa zilingane, na namba ifuate joto la hewa:

- Nyuzi 25: karibu psi 82 (psi ni kipimo cha presha)
- Nyuzi 30: karibu psi 97
- Nyuzi 33: karibu psi 107

Ukisoma chini ya psi 50 kwenye joto letu, gesi imevuja. Kwa gari nyingi za Toyota, swichi ya presha hukata kompresa presha ikishuka chini ya psi 28 hivi, na vile vile ikipanda kupita psi 455 hivi. Kompresa inakataa kuwaka ili isife. Usiiunganishe swichi hiyo kwa kipande cha waya ili "ilazimishwe". Oili ya kompresa inatembea na gesi, gesi ikiisha oili hairudi, na kompresa inajisaga kavu. Njia hiyo imeua kompresa nyingi sana Unguja na Pemba.

Ukisoma namba iliyo juu ya kawaida, simama ufikiri. Kwenye nyuzi 30, R22 ya AC za nyumba hukaa karibu psi 158 ikiwa imelala, na R410A hupita psi 250. Ukiona psi 140 au 150, ndani kuna hewa au gesi isiyokuwa yake, pengine hata gesi ya kupikia. Gesi ya kupikia ikivuja ndani ya gari iliyofungwa vioo, cheche moja inatosha kuwaunguza waliomo. Mfumo kama huo usiongezewe chochote: utolewe wote uanzwe upya.

Namba ikiwa sawa, ujue tu kwamba ndani kuna R134a. Kiasi chake haikwambii. Endelea.

## Hatua ya 4: Fuata umeme

Gesi ipo na klachi haishiki. Anza na fyuzi ya AC, kisha rilei yake. Badilisha rilei na nyengine ya aina moja iliyo jirani ndani ya sanduku, mfano ya honi, uone.

Chomoa soketi ya waya wa kompresa, washa injini na AC, upime volti kwenye soketi. Ikisoma 12 au zaidi, umeme unafika na mgonjwa ni klachi. Ikisoma sifuri, rudi nyuma: swichi ya presha, sensa ya evapareta (sehemu ya ndani inayopoza hewa), waya uliokatika au kuota kutu. Gari inayolala karibu na bahari, soketi za chini mbele huota kutu ya kijani ndani, kwa nje usione kitu. Zifungue uziangalie.

Kisha pima koili ya klachi. Nyingi za volti 12 husoma kati ya omu 3 na 5. Testa ikionesha hakuna njia kabisa, koili imekatika. Ikisoma karibu na sifuri, imeungua, na ndiyo inayokata fyuzi.

Ipo dalili moja inayowachanganya mafundi: asubuhi AC safi, mchana gari ikipata moto klachi inaachia, jioni inarudi. Wengi hukimbilia kuongeza gesi. Pima kwanza nafasi kati ya sahani na puli kwa fila geji, sehemu tatu tofauti. Nyingi zinatakiwa ziwe kati ya milimita 0.35 na 0.6. Sahani ikilika nafasi inapanuka, na koili ikipata joto sumaku yake inapungua nguvu, inashindwa kuivuta.

## Hatua ya 5: Soma geji injini ikiwaka

Kama klachi inashika, washa injini, AC baridi kabisa, feni ya ndani juu, milango wazi, mzunguko wa injini 1,500 kwa dakika. Subiri dakika tano. Kwa joto la nyuzi 30 hadi 32, mfumo mzima husoma psi 30 hadi 45 upande wa chini na psi 200 hadi 250 upande wa juu, ukizidi kidogo siku za joto kali.

Chini iko juu, juu iko chini, mfano 70 na 130: kompresa haisukumi. Hapa ndipo unapoweza kusema kwa uhakika imechoka. Kwa zile zisizo na klachi, inaweza kuwa valvu ya kudhibiti peke yake, na katika baadhi ya kompresa valvu hiyo hununuliwa pekee.

Zote ziko chini: gesi haitoshi. Tafuta panapovuja.

Zote ziko juu: gesi imezidi, hewa imo ndani, au kondensa haipoi. Mwagia kondensa maji baridi kwa mpira. Presha ya juu ikishuka haraka na AC ikapoa, kondensa au feni ndiyo shida.

Chini inashuka hadi chini ya sifuri: pameziba, kwa kawaida valvu ya ekspansheni (tundu jembamba gesi inapopitia kuingia evapareta) au draya. Ikipoa vizuri robo saa, ikakata, kisha ikarudi baada ya kupumzishwa, yale ni maji yanayoganda kwenye valvu. Aliyejaza gesi kabla yako hakuvuta vakyumu.

Hadi hapa hujafungua bomba. Andika ulichokipata kwenye karatasi kabla ya kuendelea.

## Hatua ya 6: Kama ni klachi, itengeneze bila kutoa gesi

Gari nyingi hupona hapa. Ondoa waya wa betri, legeza mkanda, fungua bolti ya katikati ya sahani. Sahani itoke kwa mkono au kwa pula. Usiichokonoe kwa bisibisi, ikipinda haitokaa sawa tena. Nyuma yake utaona vishimu vyembamba kama pete. Visipotee.

Kama tatizo ni nafasi kubwa, toa kishimu kimoja chembamba, rudisha sahani, upime upya. Isikwaruze ikiwa imezimwa, na ishike kwa "tak" moja kali ikipewa umeme.

Kama ni beringi au koili, toa saklipu, vuta puli, ubadilishe. Zungushia macho shingo ya shafti pia. Ukikuta oili imerushwa duara ndani ya klachi, sili ya shafti inavuja, na klachi mpya itaharibiwa na oili hiyo hiyo.

## Hatua ya 7: Toa gesi, fungua, usome oili

Imethibitika kompresa imekufa. Gesi inyonywe kwa mashine, isiachiwe hewani. R134a haili ozoni, lakini uwezo wake wa kupasha dunia joto ni mara 1,430 ya hewa ya ukaa. Mafundi wa AC za hoteli wana mashine hizi. Mtungi uwe wa R134a peke yake, usichanganye na gesi zao za ukutani. Gesi uliyoitilia shaka kwenye hatua ya 3 nayo iwe na mtungi wake mbali.

Geji zikisoma sifuri, fungua mabomba mawili ya kompresa na uyazibe hapo hapo kwa plastiki safi na gundi ya karatasi. Mvua ikiwa inanyesha, ahirisha. PAG hunyonya unyevu kama chumvi iliyoachwa wazi wakati wa masika.

Sasa mimina oili ya kompresa mbovu kwenye kikombe, uipime na uandike mililita. Itie kidogo kwenye kitambaa cheupe.

Oili angavu au ya manjano isiyo na uchafu: kompresa imekufa kwa uchovu au sili, na mfumo uko safi.

Oili nyeusi, au ya kijivu inayometameta ukiisugua vidoleni: kompresa imejisaga, na unga wake umeshatembea hadi kwenye kondensa. Mwambie mwenye gari ukweli hapo hapo, kabla hajanunua kitu. Bei ya kazi imepanda, na ukimficha atairudisha gari mwezi ujao.

## Hatua ya 8: Chagua kompresa

Mpya ikipatikana na pesa ikiwepo, chukua mpya. Wengi wetu tunanunua zilizotoka kwenye gari za Japani, nazo zinafaa ukizichagua kwa makini.

Linganisha namba ya kibandiko, idadi ya mifereji ya puli, mkao wa bolti na aina ya soketi. Kataa iliyokaa sokoni matundu yake wazi, hata kama inang'aa. Ikichomolewa kizibo, oili iwe safi. Zungusha sahani kwa mkono huku kidole gumba kimeziba tundu la kutolea: usikie inasukuma. Ziba la kuvutia: usikie inanyonya. Muuzaji akikataa usiijaribu, nenda duka jengine.

## Hatua ya 9: Safisha mfumo

Hatua hii ndiyo inayorukwa, na kurukwa kwake ndiko kunakoua kompresa ya pili.

Draya inabadilishwa kila mara mfumo unapofunguliwa kwa kazi ya kompresa. Kazi yake ni kunyonya unyevu na kuchuja, na iliyoshiba hainyonyi tena. Kwenye gari nyingi za Toyota draya haina chupa yake pekee: imo ubavuni mwa kondensa, na unabadilisha mfuko wa ndani na chujio kwa kufungua kizibo cha chini.

Oili ikiwa ilikuwa safi, draya mpya na o-ringi mpya zinatosha.

Oili ikiwa na chuma, fanya hivi:

1. Kondensa badilisha. Njia zake za ndani ni nyembamba mno, dawa inapita kwenye njia zilizo wazi na kuacha zilizoziba. Hata ukiisafisha asubuhi hadi magharibi, unga utabaki.
2. Valvu ya ekspansheni badilisha.
3. Mabomba na evapareta vioshe kwa dawa ya AC, valvu ikiwa imetolewa, kinyume na mwendo wa gesi kwanza kisha upande wa pili. Rudia mpaka kinachotoka kwenye kitambaa cheupe kiwe safi.
4. Puliza naitrojeni kila bomba mpaka hakuna tone wala harufu ya dawa. Dawa inayobaki inakata oili.

Petroli, tina na mafuta ya taa si dawa ya kazi hii. Vinaacha mabaki, vinakula mpira, na vinawaka.

Kondensa za hapa kwetu ziangalie hata kama oili safi. Upepo wa bahari na mchanga wa barabara huzila kuanzia chini. Ukigusa mapezi ya chini yakamomonyoka kama unga, usiirudishe.

## Hatua ya 10: Pima oili, funga kompresa

Kompresa nyingi mpya huja na oili ya mfumo mzima. Ukiifunga hivyo hivyo kwenye gari ambayo tayari ina oili kwenye mabomba, itazidi, na oili iliyozidi hupunguza baridi na kuipa kompresa mzigo.

Mfumo haukuoshwa: mimina oili yote ya kompresa unayofunga, uirudishie kiasi kile kile ulichokipima kutoka kwenye ya zamani, ukiongeza mililita 10 hadi 20 kwa ajili ya draya. Kama ya zamani ilitoa tone tu kwa sababu ya kuvuja, tumia kipimo cha kitabu.

Mfumo umeoshwa wote: weka kipimo kamili kilichoandikwa. Gari ndogo nyingi huhitaji kati ya mililita 100 na 150.

Daraja la PAG lisichanganywe. Denso nyingi za Toyota hutumia PAG 46, nyengine hutumia 100 au 150. Chupa ikifunguliwa, itumike au ifungwe barabara.

O-ringi zote mpya, zipakwe oili hiyo hiyo. Ifunge kompresa mahali pake, kaza bolti kwa zamu, rudisha mabomba na mkanda.

## Hatua ya 11: Jaribu kuvuja kwa naitrojeni

Jaza naitrojeni hadi psi 150, usipitishe, evapareta isije ikaumia. Paka povu la sabuni kwenye kila kiungo, kwenye vali za kujazia na mbele ya shafti. Iache nusu saa. Sindano isishuke.

Usitumie oksijeni ya kuchomelea. Oksijeni yenye presha ikikutana na oili hulipuka. Upepo wa kompresa ya matairi nao usiuingize: unaleta maji, na ukichanganyika na R134a kwa presha unaweza kuwaka.

Dawa za kuziba matundu zinazouzwa kwenye vikopo usiziguse. Huganda kwenye valvu na kuharibu mashine za watakaokuja baada yako.

## Hatua ya 12: Vuta vakyumu, bila haraka

Toa naitrojeni, funga pampu kwenye mpira wa katikati, fungua geji zote mbili. Vuta angalau dakika 45, na wakati wa masika saa nzima.

Sababu ni hii. Maji ndani ya mabomba hayatoki kwa kuvutwa, yanatoka kwa kuchemka. Presha ikishuka vya kutosha maji huchemka kwenye joto la kawaida la hewa, na pampu inavuta mvuke. Kwa nyuzi 25 hadi 30 sindano lazima ifike inchi 29 chini ya sifuri au zaidi. Ikiishia 25, maji yanabaki pale pale hata ukivuta hadi kesho. Ndiyo maana pampu zilizotengenezwa kwa kompresa kuukuu ya friji huwaangusha mafundi: nyingi hazifiki huko. Kama unaweza, fanya kazi hii mchana, boneti ikipigwa na jua, mabomba yapate joto.

Ukimaliza, funga geji, zima pampu, subiri dakika 20. Sindano ikibaki pale pale, umefuzu. Ikipanda kidogo ikasimama, bado kuna unyevu, vuta tena. Ikipanda bila kusimama, panavuja, rudi hatua ya 11.

## Hatua ya 13: Jaza gesi kwa mizani

Tafuta kibandiko chini ya boneti. Hata kikiwa cha Kijapani, "134a" na namba ya gramu utaisoma. Gari ndogo nyingi ni kati ya gramu 350 na 500. Noah yenye AC ya nyuma huhitaji zaidi. Kujaza kwa kuangalia geji peke yake hakutoshi, kwa sababu joto na kasi ya injini hubadilisha namba.

1. Toa hewa kwenye mpira wa katikati kwa kulegeza kidogo.
2. Injini ikiwa imezimwa, ingiza gesi upande wa juu kwa nguvu ya vakyumu mpaka iache kuvutwa.
3. Funga geji ya juu, na usiifungue tena wakati injini inawaka. Presha ya upande huo ikirudi kwenye kikopo kitapasuka mkononi.
4. Zungusha sahani ya kompresa kwa mkono mizunguko kumi. Kama kuna gesi ya maji au oili juu ya pistoni itoke taratibu. Kompresa nyingi mpya huvunjika kwenye sekunde za kwanza kwa kukosa hili.
5. Washa injini na AC, malizia upande wa chini polepole, mtungi ukiwa wima ili iingie mvuke.
6. Mizani ikitimia, funga. Usiongeze "kidogo ya akiba".

## Hatua ya 14: Thibitisha

Funga milango, hewa izunguke ndani, injini 1,500, dakika kumi. Weka kipimajoto kwenye tundu la katikati. Kwa nyuzi 30 hadi 32 za nje na unyevu wetu, nyuzi 6 hadi 12 ni kazi nzuri. Bomba nene la kurudi kwenye kompresa liwe baridi lenye jasho, bomba jembamba la kondensa liwe la moto, na maji yadondoke chini ya gari. Geji zirudi kwenye namba za hatua ya 5.

Baada ya hapo iendeshe. Safari ya Nungwi na kurudi, au Chake hadi Wete, inatosha kuonesha kama klachi inaachia ikipata moto. Ukirudi, pitisha povu la sabuni tena kwenye viungo ulivyofungua.

Andika kwenye kibandiko tarehe, gramu za gesi, aina na mililita za oili, na kama kondensa ilibadilishwa au haikubadilishwa, ukibandike chini ya boneti. Mwenye gari mwambie aoshe kondensa kwa maji baridi yasiyo na presha kubwa kila wiki kama gari inalala pwani, na awashe AC dakika chache kila wiki hata wakati wa kipupwe, ili oili ifike kwenye sili ya shafti. Arudi baada ya wiki mbili ufunge geji usome tena, injini ikiwa imezimwa kisha ikiwaka, na ulinganishe na ulichoandika.